Kifundo cha Mkono Kikiharibika, Upasuaji Utarudisha Nini?

Ndugu msomaji, weka gazeti hili chini kidogo. Nyosha mkono wako mbele. Kunja kiganja kielekee chini, mpaka kifundo kigome. Sasa, ukiwa umekikunja hivyo hivyo, jaribu kufumba ngumi kwa nguvu zako zote.

Umeona? Ngumi haina nguvu. Hata mtoto anaweza kuifumbua.

Sasa inua kiganja juu kidogo, kisha fumba ngumi tena. Nguvu zimerudi. Vidole ni vile vile na misuli ni ile ile. Kilichobadilika ni kifundo tu.

Hiyo ndiyo kazi ya kifundo cha mkono. Kifundo hakishiki jembe. Lakini kikiharibika, vidole havishiki jembe sawasawa.

Mimi ni bwana shamba, si daktari. Kazi yangu ni mbegu, mbolea na matuta. Lakini shamba hulimwa kwa mikono, na mkono ukishindwa hata mbegu bora haisaidii. Wakulima wengi wenye vifundo vibovu huuliza swali moja: "Nikipasuliwa, nitalima tena?" Swali hilo ni la haki. Makala hii inajaribu kulijibu.

KIFUNDO KIMEJENGWAJE

Mkono wa chini, kuanzia kwenye kiwiko, una mifupa miwili. Mmoja uko upande wa kidole gumba. Mwingine uko upande wa kidole kidogo. Kati ya mifupa hiyo na kiganja kuna mifupa midogo 8. Imepangwa safu mbili, kila safu mifupa minne. Inafanana na kokoto zilizofungwa pamoja kwa kamba. Kamba hizo huitwa kano.

Kila mfupa umefunikwa kwa gegedu. Gegedu ni kitu laini na cheupe kinachoteleza. Umekiona kwenye kiungo cha kuku. Gegedu ikiwa nzima, mifupa huteleza bila maumivu. Gegedu ikilika, mfupa husaga mfupa. Hapo ndipo maumivu huanza.

Jambo moja ni muhimu sana kulijua. Gegedu iliyolika haioti tena kama nyasi. Hakuna dawa ya kunywa wala ya kuchua inayoiotesha upya. Kwa hiyo upasuaji wa kifundo kilicholika haurudishi kifundo kipya cha ujanani. Upasuaji hubadilishana. Unatoa kitu kimoja ili upate kingine. Tutaona jinsi gani.

MTU AKIANGUKA

Mtu anapoanguka hutanguliza mkono. Anaweza kuanguka kutoka juu ya mwembe, kwenye baiskeli au pikipiki, au kuteleza kwenye tope la kisimani. Uzito wote wa mwili huishia kwenye kiganja.

Mara nyingi huvunjika mwisho wa ule mfupa mkubwa wa upande wa kidole gumba. Daktari Abraham Colles wa Dublin, nchini Ireland, aliueleza mvunjiko huu mwaka 1814. Picha ya eksirei ilikuwa bado haijagunduliwa. Iligunduliwa mwaka 1895. Mpaka leo madaktari wanauita mvunjiko huu kwa jina la Colles. Kifundo huvimba na kupinda, kikafanana na uma uliolazwa kifudifudi.

Mvunjiko wa pili ni wa hila zaidi. Kati ya ile mifupa midogo 8 upo mmoja ulio karibu na kidole gumba. Unaitwa skafoidi. Nyosha kidole gumba chako kielekee juu. Utaona kishimo kidogo chini yake, upande wa mgongo wa mkono. Skafoidi iko ndani ya kishimo hicho. Ikivunjika, uvimbe unaweza kuwa mdogo. Mtu husema, "Nimeteguka tu." Hata picha ya kwanza inaweza isionyeshe ufa. Ndiyo maana daktari anaweza kukufunga plasta hata kama picha haionyeshi kitu, na kukutaka urudi baada ya wiki mbili kupigwa nyingine. Usidhani anakusumbua.

Hatari ya skafoidi ni damu. Damu nyingi huingilia upande mmoja wa mfupa, kisha hupita hadi upande wa pili. Mfupa ukikatika katikati, upande wa pili unaweza kukosa damu. Mkulima anayemwagilia analijua jambo hili. Mfereji ukibomoka katikati, shamba la mwisho halipati maji. Kipande cha mfupa kisichopata damu hakiungi, na kinaweza kufa. Baada ya miaka kadhaa kifundo kizima huanza kulika. Mtu aliyeanguka akiwa na miaka 20 anaweza kujikuta na kifundo cha mzee akiwa na miaka 35.

SI KILA MVUNJIKO UNAHITAJI KISU

Watu wengine huogopa hospitali kwa sababu wanaogopa kupasuliwa. Wengine hufikiri kwamba asiyepasuliwa hakutibiwa. Wote wawili wasome hapa.

Mfupa ukivunjika na kuhama, kwanza daktari huuvuta na kuurudisha mahali pake. Mgonjwa hupigwa ganzi au nusu kaputi. Kisha mkono hufungwa plasta ngumu, ambayo watu huiita hogo. Ikiwa mfupa hautulii, daktari anaweza kupitisha vyuma vyembamba kama sindano ili kuushikilia. Au anaweza kupasua na kuweka bamba la chuma lenye skrubu.

Njia ipi ni bora? Madaktari wa Uingereza walifanya uchunguzi. Mwaka 2014 walitangaza matokeo ya watu wazima 461 waliovunjika kifundo. Wengine walikuwa wamewekewa vyuma vya sindano. Wengine waliwekewa bamba. Baada ya mwaka mmoja, mikono ya makundi yote mawili ilifanya kazi karibu sawa. Nazo sindano ni rahisi kwa bei kuliko bamba.

Mwaka 2022 walitangaza uchunguzi mwingine, wa watu 500. Wote mifupa yao ilikuwa imehama, ikarudishwa mahali pake bila kupasua. Kundi moja lilifungwa plasta tu. Kundi la pili liliwekewa sindano pia. Baada ya mwaka mmoja, makundi yalikuwa karibu sawa. Lakini angalia jambo hili. Katika kundi la plasta, karibu mtu 1 katika kila 8 mfupa wake ulihama tena, ikabidi apasuliwe ndani ya wiki 6 za mwanzo.

Hata kwa skafoidi hali ni hiyo hiyo. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya watu wazima 439 ambao skafoidi zao zilivunjika bila kuachana sana. Waliofungwa plasta na waliowekewa skrubu walikuwa karibu sawa baada ya mwaka. Wale wachache wa plasta ambao mfupa haukuunga, walipasuliwa mara tu ilipojulikana.

Ndugu msomaji, funzo ni nini? Plasta inatosha kwa wengi, ila kwa sharti moja: urudi kliniki kuangaliwa. Mtu mmoja katika wanane si mdogo. Asiporudi, mfupa wake utaunga ukiwa umepinda. Baadaye akitaka kuunyoosha, itabidi mfupa ukatwe upya. Huo ni upasuaji mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Funzo la pili ni wakati. Watu hawa wote walitibiwa mapema. Mfupa mbichi hunyooka. Mfupa uliokaa wiki nyingi bila tiba ni kama tofali lililokwisha kukauka.

Kwa wazee ipo faraja. Mzee ambaye kifundo chake kimeunga kikiwa kimepinda kidogo, mara nyingi hufanya kazi zake za nyumbani vizuri. Kupinda peke yake si sababu ya kupasuliwa. Sababu ni maumivu, na mkono kushindwa kazi.

KIFUNDO KILICHOKWISHA KULIKA

Sasa tumtazame yule ambaye kifundo chake kimekwisha kulika. Daktari kwanza atajaribu njia ndogo. Atampa dawa ya maumivu, bendeji ngumu ya kushikilia kifundo, au sindano ya ndani ya kiungo. Zikishindwa, ndipo upasuaji huzungumzwa. Ziko njia tatu kubwa.

Njia ya kwanza ni kuunganisha mifupa yote ya kifundo iwe mfupa mmoja. Bamba la chuma huwekwa kuanzia mfupa wa mkono wa chini hadi mfupa wa kiganja. Gegedu iliyobaki huondolewa, na mara nyingi vipande vya mfupa hupandikizwa katikati. Mifupa ikishaunga, kifundo hakikunjiki tena maisha yote. Lakini pasipo kusagana, maumivu mengi huondoka. Daktari hukiunganisha kikiwa kimeinuka juu kidogo. Kumbuka lile jaribio la ngumi. Hapo ndipo vidole vina nguvu.

Mtu huyu atafanya nini? Vidole vyake vinakunja na kufumbua. Mkono bado unageuka juu na chini, kwa sababu kugeuka kunafanyika kwenye ile mifupa miwili ya mkono wa chini. Ataweza kufungua kufuli. Ataweza kukinga kiganja apokee chenji. Wengi hurudi kushika jembe, shoka na ndoo. Bega na kiwiko hujifunza kufanya kazi ya kifundo.

Atashindwa nini? Hataweza kulaza kiganja chini na kujiinua kwa mkono huo. Anayesujudu atabidi aegemee ngumi. Kuingiza mkono kwenye mtungi wenye mdomo mwembamba ni shida. Kuchamba ni shida, hasa kama ni mkono aliouzoea. Mambo haya watu huona aibu kuyauliza. Yaulize kabla ya kupasuliwa, si baada yake.

Njia ya pili ni kuunganisha baadhi tu ya mifupa midogo, au kuondoa safu moja yenye mifupa mibovu. Njia hii inawafaa ambao sehemu ya kifundo bado ni nzima. Mara nyingi hubakiza karibu nusu ya mwendo wa kifundo, na nguvu ya kushika hufika kiasi cha robo tatu ya mkono mzima. Maumivu hupungua sana, lakini kwa baadhi hayaishi kabisa. Wachache hurudi baada ya miaka na kuunganishwa kifundo chote.

Njia ya tatu ni kuweka kifundo cha bandia, cha chuma na plastiki. Jambo hili si jipya. Mwaka 1890 daktari Themistocles Gluck wa Berlin, Ujerumani, aliweka kifundo kilichochongwa kwa pembe ya ndovu. Siku hizi vifundo vya bandia ni bora zaidi. Vinakunja, na vinapunguza maumivu. Lakini vina adui mmoja: kazi nzito. Jembe, mchi na mizigo huvilegeza kwenye mfupa. Kikilegea, mtu hupasuliwa tena. Kwa hiyo daktari anaweza kumkubalia mzee ambaye kazi zake ni nyepesi, na kumkatalia kijana anayelima ekari tatu kwa jembe la mkono. Si ubaguzi. Anaupima mkono kwa kazi yake.

Sasa tunaweza kulijibu lile swali. Mkulima aliyeunganishwa kifundo ana nafasi nzuri ya kulima tena, lakini kwa kifundo kigumu. Mwenye kifundo cha bandia ana kifundo kinachokunja, lakini hapaswi kulima kwa jembe. Kila mtu achague akijua.

BARIDI YABISI YA MWILI MZIMA

Upo ugonjwa mwingine unaokula vifundo bila mtu kuanguka. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kushambulia viungo. Ni kama mbwa wa nyumbani anayemuuma mwenye nyumba. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume. Dalili zake ni hizi: vifundo vya mikono yote miwili huvimba pamoja na vidole. Asubuhi vinakakamaa kwa saa moja au zaidi. Hali hiyo hudumu kwa wiki nyingi.

Ugonjwa huu una dawa za kuuzuia. Tangu miaka ya 1980 madaktari wengi duniani wamekuwa wakitumia dawa iitwayo methotreksati. Dawa hii hutolewa na daktari tu, naye hupima damu ya mgonjwa mara kwa mara. Mama mjamzito haruhusiwi kuitumia. Dawa ikianza mapema huokoa gegedu, na mgonjwa anaweza asihitaji kisu kamwe. Mama anayechua vifundo kwa mafuta miaka mitano anapoteza miaka ambayo dawa ingefanya kazi.

Ipo dalili moja ya kukimbilia hospitali. Ikiwa mgonjwa wa baridi yabisi anaamka na kuona kidole kidogo au cha pete kimeanguka, hakiinuki, huenda kano imekatika. Mfupa uliochongoka umeisugua kama kamba kwenye ukingo wa jiwe. Asingoje, kwa sababu kano ya pili inaweza kufuata. Daktari anaweza kuondoa ncha ya mfupa huo na kuunga kano kwa nyingine.

Ikiwa vifundo vyote viwili vimeharibika, madaktari mara nyingi hujitahidi kuacha kimoja kiweze kukunja. Mtu mwenye vifundo viwili vigumu hupata taabu kubwa ya kujihudumia.

BAADA YA UPASUAJI

Daktari hufanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ni yako.

Mvunjiko wa kawaida wa kifundo huunga kwa wiki 6 hivi. Skafoidi huhitaji wiki 8 hadi 12, pengine zaidi. Aliyeunganishwa kifundo hukaa miezi mitatu hadi sita kabla ya kazi nzito. Wakati huo wote vidole visilale. Vikunje na kuvikunjua kila siku, mara nyingi. Inua mkono juu ya kifua ili uvimbe upungue. Vidole visivyotumika hukakamaa, na mtu huishia na mfupa mzima na mkono usiofaa.

Acha sigara na tumbaku. Moshi huchelewesha mfupa kuunga. Mwenye kisukari ahakikishe sukari imetulia, maana kidonda chake hupata uchafu upesi.

Rudi hospitali siku hiyo hiyo ukiona vidole vinavimba sana, vinakuwa vya baridi au vinabadilika rangi, vinakufa ganzi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua. Rudi pia ukiona usaha au ukipata homa. Plasta iliyobana inaweza kuua mkono. Hata vijiti na kamba za mganga wa mifupa vikibana sana huua mkono vile vile, na wako waliokatwa mikono kwa sababu hiyo, wakiwamo watoto. Waganga wetu wa jadi wana heshima yao. Lakini hakuna mtu, awe mganga au daktari, anayeona ufa ndani ya mfupa kwa macho. Picha kwanza.

Tena panga pamoja na kalenda ya shamba. Mvunjiko mbichi haungoji mavuno. Nenda leo. Lakini upasuaji wa kifundo cha zamani kilicholika unaweza kungoja miezi michache. Usikubali tarehe ya wiki mbili kabla ya mvua za kupandia, kama huna wa kukulimia. Zungumza na daktari, zungumza na familia yako, panga baada ya kuvuna. Weka kando pesa ya upasuaji, na nauli ya kurudi kliniki pia. Wengi hukumbuka ya kwanza na kusahau ya pili.

WAPI UENDE

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ukianguka, vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Laza mkono juu ya ubao mwembamba au gazeti gumu lililokunjwa, ufunge bila kubana, uutundike shingoni kwa kanga. Usikubali kuvutwa wala kukandwa. Zahanati itakupeleka penye eksirei.

Kazi ngumu zaidi hupelekwa kwenye hospitali kubwa. KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zilifunguliwa mwaka 1971. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Huko Moshi pia kipo chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 cha kufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kushikilia viungo.

ULIZA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Kabla ya kutia sahihi au dole gumba, muulize daktari maswali haya. Yakate uyatunze.

1. Ni mfupa gani umeharibika? Nionyeshe kwenye picha.
2. Iko njia isiyo ya kisu? Nisipopasuliwa itakuwaje?
3. Baada ya kupona, kifundo kitakunja kiasi gani?
4. Kazi yangu ni hii. Nitaweza kuifanya? Baada ya miezi mingapi?
5. Nitarudi kliniki mara ngapi, na gharama zote ni kiasi gani?

Daktari mwema hachukii maswali. Mweleze kazi yako yote: unalima nini, unakamua ng'ombe wangapi, unatwanga au unapeleka mashineni. Yeye anaujua mfupa. Wewe unaijua kazi ya mkono wako. Mkizungumza wote wawili, kila mmoja atakuwa ameleta anachokijua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini aliyefungwa plasta lazima arudi kliniki?
2. Mkulima wa jembe na mshonaji wa cherehani wana vifundo vilivyolika. Je, watachagua njia moja? Kwa nini?
3. Katika kijiji chetu, nani husaidia shamba la mtu aliyevunjika mkono? Tunaweza kupanga nini kabla ya msimu ujao?